Maswali na majibu: Watoto wetu na udongo

Nafundisha darasa la tatu, na shule yetu haina maabara. Nianzie wapi?

Anzia mikononi mwao, mwalimu. Kila mtoto achukue udongo wa kujaa kiganja, atoe mawe na mizizi, aulowanishe kidogo kidogo huku akiukanda kama unga wa chapati. Kisha aubinye kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Udongo wa kichanga, wenye mchanga mwingi, hautoi utepe, unakwaruza tu na kumeguka. Utepe wa tifutifu, udongo wa mchanganyiko, hukatika mapema, mara nyingi kabla ya sentimita 2.5. Wa mfinyanzi hufika sentimita 5 na kupita. Watashindana nani ana mrefu, waache.

Na lile zoezi la chupa?

Lifanye, ila linataka subira. Jaza udongo theluthi ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo ili chembe ziachane, tikisa sana, kisha isiguswe. Mchanga, wenye chembe za hadi milimita 2, hutua ndani ya dakika moja hivi. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002, kwa hiyo maji huweza kubaki na tope hadi kesho yake au zaidi.

Mwanangu anamwagilia mchicha kila asubuhi, unanyauka. Wa dada yake, alioupanda kwenye mfinyanzi, umekuwa njano.

Kama wa kwanza uko kwenye kichanga, maji yanapita haraka na kuondoka na mbolea: amwagilie asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Wa pili huenda umezama. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa. Kama uko kwenye kopo, litoboeni chini, na asimwagilie mpaka kidole kikute udongo mkavu.

Nichanganye mchanga kwenye mfinyanzi?

Mchanga kidogo hausaidii. Mchanganyiko unaweza kukauka ukawa mgumu zaidi. Weka samadi iliyooza. Inafaa hata kwenye kichanga, maana hushika maji.

Binti yangu wa miaka 9 anauliza: udongo upi ni bora?

Muulize naye: bora kwa mmea gani? Ua la karanga likishachavushwa, kikonyo chake huinama na kuingia ardhini, na huko ndiko karanga hukua. Kwenye mfinyanzi uliokauka kitapenya wapi? Hata ukivuna, nyingi zitabaki chini. Lakini mpunga hustawi kwenye mfinyanzi wa mbugani, kwa sababu ileile inayoua mchicha: maji yanatuama. Kwa hiyo jibu la "tifutifu" mpe nusu ya alama, umwombe aendelee.