Homa ya nguruwe: maswali yenu na majibu

Tangu wiki iliyopita simu yangu haijapumzika. Ni homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayofagia banda zima ndani ya wiki moja. Nimeokota maswali yanayojirudia. Majina nimeyaacha, maana wengi mmeomba hivyo.

Shikamoo daktari. Jumatatu nguruwe mmoja aligoma kula, Jumatano akafa. Leo wawili wamelala, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu. Jirani anasema niwachome OTC. Nichome? (Mbozi)

Marahaba. Weka sindano chini. OTC ni antibiotiki, inapigana na bakteria, na huyu, kama ndiye ninayemdhania, ni kirusi. Hasikii OTC, hasikii penisilini, hasikii maji ya mwarobaini. Tena damu ya nguruwe mgonjwa imejaa kirusi, kwa hiyo sindano ikitoka kwa mgonjwa ikaingia kwa mzima, umeshausambaza kwa mkono wako.

Homa ya nyuzi 40 hadi 42, kulundikana kwenye kona, wekundu unaogeuka zambarau, damu puani au kwenye kinyesi, jike kutupa mimba: zote ni dalili zake. Lakini yapo magonjwa mengine yanayofanana nayo kwa macho, na mimi siwezi kukata shauri kwa picha ya simu. Mwite afisa mifugo wa kata leo hii, achukue sampuli iende maabara ya veterinari. Usimpasue aliyekufa ili kutazama ndani. Afisa akishamaliza, mzoga ufukiwe kwenye shimo refu, umwagiwe chokaa, mbwa asiufikie.

Halafu liko jambo ambalo hukuuliza. Najua unawawaza wale waliobaki: niuze kabla hawajafa. Dalali atafika kwako kabla ya afisa, hilo nalo nalijua, na bei yake itakuwa ya kutupa. Nguruwe anaweza kuonekana mzima leo naye ameshabeba kirusi. Kwa kawaida dalili hutokea kati ya siku 4 na 19. Ukimuuza, wiki ijayo nitapigiwa simu na mtu wa kijiji cha pili. Homa hii haina mbawa. Kutoka banda hadi banda husafiri kwa miguu ya watu, kwa pikipiki na kwa ndoo.

Pumba imepanda, kwa hiyo nachukua mabaki kwenye baa tatu. Wanakua vizuri tu. Kuna ubaya gani? (Mama mfugaji, Mbeya mjini)

Mama, ubaya uko kwenye mifupa. Mwaka jana nilimwomba mfugaji mmoja aimwage ndoo yake ya asubuhi juu ya sandarusi. Ukamwagika ugali, kachumbari, maganda ya ndizi, vijiti vya meno, na mbavu mbili za kitimoto, moja bado ina wekundu pale nyama inaposhikana na mfupa. Alishangaa kuliko mimi. Kila siku alikuwa akiwalisha nguruwe wake nguruwe wengine asiowajua walikotoka wala walivyokufa. Na nguruwe aliyeuzwa kwa haraka kabla hajafa huishia wapi kama si kwenye jiko la baa?

Kirusi hiki ni sugu kwa namna inayoudhi. Katika nyama mbichi hukaa zaidi ya miezi mitatu, katika iliyokaushwa kwa chumvi karibu miezi sita, na katika iliyogandishwa miaka. Ndiyo maana kimezunguka dunia kwa makombo. Mwaka 1957 kiliingia Ureno kutoka Afrika, na kinachotajwa ni mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Kikazimwa, kikarudi 1960, na Ureno na Hispania zikahangaika nacho hadi miaka ya 1990. Mwaka 2007 kikaibuka Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Aina yake ilikuwa ndugu na ile ya Msumbiji, Madagaska na Zambia, na wataalamu wengi wanashuku mabaki ya meli kwenye bandari ya Poti. Kutoka hapo kikaenda Urusi, 2014 kikaingia nchi za Umoja wa Ulaya, Agosti 2018 kikabisha hodi China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani.

Sikukatazi mabaki, maana najua bei ya pumba. Nakuambia yachemshe. Si kupasha moto: yachemke dakika 30 ukikoroga, hadi katikati ya sufuria. Mifupa itoe uifukie. Na ndoo iliyoleta mabichi isirudi kubeba yaliyopikwa. Hapo ndipo wengi hukosea, chakula kimechemshwa vizuri kisha kinarudishwa kwenye ndoo ileile.

Dume la jirani lina mbegu nzuri. Nimpeleke jike wangu? (Kibaha)

Si msimu huu. Dume linalozunguka kijiji kizima hukusanya kila kilichoko kijijini. Kama jike ameshika joto na kuna mtaalamu wa uhimilishaji (kupandikiza mbegu bila dume) karibu, muulize mbegu zake zinatoka shamba gani.

Tuko jirani na hifadhi. Ngiri wanaingia mashambani na vijana wanataka kuwamaliza wote, wanasema ndio wanaoleta ugonjwa. Kweli? (Bunda)

Nusu kweli, na hiyo nusu ndiyo inayopotosha.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo Montgomery, aliyeona nguruwe wa walowezi wakifa huku ngiri wakidunda. Ngiri na kirusi hiki wanajuana tangu zamani sana. Wa katikati yao ni papasi, yule kupe laini anayejificha kwenye nyufa na kutoka usiku kunyonya damu. Mwaka 1969 mtafiti wa magonjwa ya mifugo Walter Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamekipata kirusi ndani ya papasi waliowatoa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania. Mtoto wa ngiri huzaliwa shimoni, papasi humuuma, kirusi humwingia katika damu kwa muda mfupi, papasi wengine hukichukua. Mtoto haugui, hukua akaenda zake. Papasi huweza kukaa na kirusi miaka kadhaa.

Ngiri mkubwa akipita kwenye shamba lako la mahindi, mara nyingi hana kirusi cha kutosha cha kumwambukiza nguruwe wako kwa kukaribiana tu. Hatari ni papasi aliyemdandia, na ni nguruwe wako anayezurura hadi kwenye mashimo yao. Na hatari nyingine ni hao vijana wenyewe: wakimuua ngiri, watachunia wapi, na matumbo watayatupa wapi? Nyuma ya banda. Mmejiletea nyumbani kilichokuwa porini, achilia mbali kwamba kuwinda bila kibali ni kesi.

Fungieni nguruwe wenu. Banda liwe na ukuta au fensi wasiyoweza kuichimba kwa chini, na nyufa zizibwe kwa saruji, maana ukuta wa udongo wenye nyufa ni nyumba nzuri ya papasi.

Mimi niko Ujerumani, karibu na mpaka wa Poland. Msituni wamezungusha uzio na mabango yenye picha ya nguruwe. Mbona nguruwe mwitu wa huku wanakufa na ngiri wetu hawafi?

Kwa sababu huyo wa huko si ngiri. Nguruwe mwitu wa Ulaya na nguruwe wa kitimoto ni jamii moja, mmoja alifugwa na mwenzake akabaki porini. Kirusi kikimwingia hufa vilevile kama wa bandani. Naye akifa msituni kwenye baridi, mzoga wake unabaki na kirusi kwa miezi, wenzake wanakuja kunusa na kufukua pale pale. Papasi hahitajiki. Hiyo ndiyo shida iliyoingia jimbo la Brandenburg, huko Ujerumani, Septemba 2020.

Watu wengi hudhani dawa ni bunduki. Wacheki walipokipata karibu na mji wa Zlín mwaka 2017, na Wabelgiji kusini mwa nchi yao mwaka 2018, walianza kwa utulivu. Walizungusha uzio eneo lenye ugonjwa, wakazuia watu kuingia msituni na uwindaji wa kawaida, kwa sababu nguruwe aliyekurupushwa hukimbia mbali na ugonjwa wake. Wakatuma watu kutembea mstari kwa mstari kutafuta mizoga na kuiondoa. Baadaye ndipo wakaleta walenga shabaha. Mlipuko ule Wacheki waliumaliza mwanzoni mwa 2019, Wabelgiji mwishoni mwa 2020. Mimi humsifu zaidi yule aliyetembea kwenye matope akinusa mizoga kuliko aliyeshika bunduki.

Kwa hiyo ukiona mzoga, usiusogelee, piga simu kwa mamlaka ya eneo lako. Mkate wako wenye soseji usiutupe kichakani. Na ukija likizo, nyama ya nguruwe iache huko huko.

Nimesikia Vietnam wana chanjo. Kuna mtu anauza huku, kichupa kimoja kwa nguruwe kumi. Ninunue? (Moshi)

Vietnam kweli ilianza kuidhinisha chanjo mwaka 2022, na 2023 ikaruhusu itumike nchi nzima. Ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, na kimetengenezwa kwa aina moja iliyoko Asia. Hapa kwetu zinazunguka aina zaidi ya moja. Juu ya hapo, chanjo hai bila usimamizi ni kumwagia banda kirusi kwa hiari. Anayekuuzia kichupa kutoka mfuko wa koti, bila ubaridi na bila karatasi, ukibahatika anakuuzia maji.

Nikila kitimoto ya nguruwe mgonjwa nitaugua homa hiyo? (wengi sana)

Hapana, haimpati binadamu. Lakini usimle, kwa sababu za ndoo nilizomweleza mama wa Mbeya.

Walikufa wote kumi na nane. Banda liko tupu na mkopo unadai. Nirudishe lini? (Kyela)

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza ondoa kinyesi na matandiko yote, fukia au choma. Sugua sakafu na kuta kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kwa sababu dawa ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kitu. Kisha pulizia kostiki soda, gramu 8 kwa lita moja ya maji, iache dakika 30 au zaidi, na uvae glavu na kinga ya macho kwani inaunguza. Buti na koleo vipitie humo humo. Ukuta wa udongo wenye papasi ubomoe. Kuwasubiri wajifie ni kusubiri miaka.

Banda likae tupu siku 40 angalau. Halafu usijaze. Nunua wawili, si mnadani, bali kutoka kwa mfugaji ambaye umefika kwake na kuona banda lake kwa macho, na ambaye kijiji chake hakina karantini. Waache wazunguke kila kona ya banda kwa wiki sita. Ikifika wiki ya sita bado wanagombania pumba, niandikie, tuzungumze kuhusu wa tatu.