Nani kaandika hiyo programu? Maswali yenu kuhusu spidi ya lugha

SWALI: Kaka shikamoo, mimi ni programa niko Dodoma, kiongozi wa timu yetu ametuletea jedwali linasema Python inatumia muda karibu mara 72 ya C, anataka mfumo wetu wa malipo tuuandike wote upya kwa Rust. Nikaamua kupima mwenyewe, lupu ya kujumlisha namba mpaka milioni 100, C ikamaliza kwa sekunde sifuri, Java ikafuata, Rust ndo ikashika mkia. Sasa niamini jedwali au laptopu yangu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hiyo sifuri ya C, hapo kazi haikufanyika kabisa. Nadhani uliweka -O2, ile amri ya kuiambia kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) iboreshe kodi, nayo ikaona ile jumla hakuna anayeitumia ikaifuta lupu nzima, kwa hiyo umepima kitu ambacho hakipo. Printi jibu mwishoni, ila hata hapo usiridhike, Clang, moja ya kompaila za C, inaweza kuigeuza lupu kama hiyo kuwa fomula tu, n mara (n jumlisha moja), halafu gawanya kwa mbili, basi. Na Rust nadhani uliirani kwa cargo run peke yake, hiyo ni modi ya kutafutia makosa, haijaboreshwa, ongeza --release halafu urudie. C umeivalisha raba, Rust umeibebesha gunia la mahindi, halafu unamtafuta mshindi!

Sasa hilo jedwali, kwa namba hiyo ni la watafiti wa Ureno la 2017, lugha 27 na programu 10 ndogo ndogo kutoka Computer Language Benchmarks Game, tovuti ya kulinganisha spidi za lugha, ambako programu zinaandikwa na watu wa kujitolea. Watafiti siwalaumu, wameweka kodi zao wazi kila mtu aone. Ila tafuta mstari wa JavaScript utakuta 6.52, yaani mara 6.52 ya muda wa C, kisha TypeScript 46.20, na hapa ndo huwa naumia nikiona watu wanalisambaza bila kulisoma, maana TypeScript ikishakompailiwa inakuwa JavaScript, zile taipu (alama za aina ya data) zinafutwa zote, sasa tofauti ya mara saba imetoka wapi? Kubwa imetoka kwenye programu moja tu kati ya zile 10, fannkuch-redux, ambayo upande wa TypeScript iliandikwa kwa namna nyingine ikavuta wastani wote. Lugha yenye mashabiki wengi programu zake zinanolewa miaka na miaka, nyingine mtu kaandika mara moja akaenda zake, halafu lawama inabebwa na lugha. Na ile ya kutafuta tarakimu za pai ndo kabisa, lugha nyingi zinaita maktaba ileile ya GMP, ya hesabu za namba kubwa sana, iliyoandikwa kwa C na asembli, kwa hiyo hapo inayopimwa zaidi ni GMP.

Sisemi Python ina spidi ya C, haina, lupu tupu kwenye Python ni nzito kweli. Ila mfumo wa malipo muda mwingi unasubiri databesi na mtandao. Rani profaila kwanza, ile programu inayoonyesha muda unaishia wapi, tuseme ombi moja linachukua milisekunde 200 na 180 kati ya hizo ni kusubiri databesi, basi Rust itakuokolea ndani ya zile 20 tu. Mpelekee kiongozi wako namba za mfumo wenu wenyewe, na mkiona kuna kipande kimoja kinachokula prosesa, kiandikeni hicho kwa Rust, na anayejua Rust vizuri akipitie kabla hamjapima.

SWALI: Nikipima programu ileile mara tano napata majibu matano tofauti, kodi sijaigusa. Shida nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Laptopu ikipata joto inapunguza spidi, ikiwa kwenye betri pia, na hapo ukute umefungua tabu 30 za brauza. Chomeka chaji, funga vingine, rudia hata mara 30, uangalie majibu yametawanyika vipi, usichukue lile zuri tu. Kuna utafiti wa 2009 wa Mytkowicz na wenzake ulioonyesha kwamba kubadili ukubwa wa vigeu vya mazingira tu, vile vinavyobeba hadi jina lako la yuza, kunaweza kukubadilishia jibu la kama -O3, ngazi ya juu zaidi ya kuboresha kodi, inaishinda -O2. Kwa hiyo lugha zikipishana kwa asilimia 3 usimtangazie mtu ushindi, rudia kwenye mashine nyingine kwanza.