Kabla ya kusaini kununua nyumba mpya wakati ya zamani haijauzwa

Mkataba wa kununua nyumba una tarehe. Nyumba unayoiuza haina. Siku ya kumalizia malipo imeshaandikwa na kusainiwa, ilhali mnunuzi wako huenda hajaanza hata kutafuta nyumba. Watu huvutana wiki nzima juu ya bei, halafu tarehe wanaikubali kama ilivyoandikwa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo ya kupigania kwanza.

Hesabu ianze na bei ya chini, si ile unayoiota. Tuseme unatarajia kuuza kwa 100. Deni la benki lililobaki ni 40. Kamisheni ya dalali, ada ya wakili, kodi na ada ya kulipa mkopo kabla ya muda wake vifike 6. Unabaki na 54. Sasa soko likikulazimisha upokee 90, deni halipungui hata senti, na gharama nyingine hazitashuka sana: unabaki na takriban 44. Bei imeshuka kwa asilimia 10, lakini fedha ulizozitegemea kwa nyumba mpya zimepungua kwa karibu moja ya tano. Deni likiwa kubwa zaidi, pigo nalo linakuwa kali zaidi. Kama nyumba mpya inawezekana ukiwa na 54 na haiwezekani ukiwa na 44, bado hujaimudu, dalali akuambie atakavyo.

Deni lenyewe usilikisie. Salio unaloliona kwenye taarifa ya kila mwezi si lazima liwe ndicho kiasi cha kuufunga mkopo, kwa sababu riba huendelea kuhesabiwa na adhabu ya kulipa mapema haimo. Iombe benki barua inayotaja kiasi kamili cha kumaliza deni na tarehe ambayo kiasi hicho kitakuwa halali.

Kisha kuna miezi ya kubeba nyumba mbili. Marejesho mawili, bima mbili, kodi za majengo mara mbili, maji, umeme, ulinzi. Jumlisha gharama za mwezi mmoja, kisha zidisha kwa sita, hata kama una hakika ya miwili. Sababu ni kwamba kupata mnunuzi si kupata fedha. Mnunuzi naye anasubiri mkopo wake, benki yake inatuma mthamini, wakili wake anakagua hati, na benki yako inahitaji muda wa kuondoa rehani na kuachia hati miliki. Mthamini akiitathmini nyumba chini ya bei mliyokubaliana, benki itakopesha kwa kufuata tathmini yake, na mnunuzi atarudi kwako kuomba punguzo.

Nyumba iliyoachwa tupu ina tatizo lake, na wengi hulijua wakati wa kudai fidia. Bima nyingi hupunguza au kusitisha sehemu ya kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 au 60. Soma kipengele hicho kabla ya kuhama na umwarifu mtoa bima kwa maandishi. Siku ya kuondoka funga valvu kuu ya maji, na panga mtu wa kukagua ndani kila wiki na kuandika tarehe alizokagua.

Sasa mkataba. Kinga yako kubwa ni sharti linalosema kwamba wajibu wako wa kununua unategemea kuuzwa kwa nyumba yako. Likiandikwa ovyo, halikulindi. Neno “kuuzwa” lina hatua tatu ndani yake: kupata mnunuzi, kusaini naye mkataba, na kupokea fedha. Ukiandikiwa “akipata mnunuzi”, sharti litahesabika limetimia siku unapopokea ofa, na mnunuzi huyo akijitoa wiki ijayo, wewe umeshafungika. Sisitiza hatua ya tatu. Kwa mfano: “Mnunuzi atalazimika kukamilisha ununuzi endapo tu mauzo ya nyumba yake yatakuwa yamekamilika na fedha kupokelewa kabla ya tarehe fulani, ikishindikana, amana yote itarejeshwa ndani ya siku 14.” Taja nyumba yenyewe, taja tarehe, taja amana, yaani malipo ya awali, iko kwa nani. Amana iliyo kwenye akaunti ya amana ya wakili hurudi kirahisi kuliko iliyokwisha kuingia mfukoni mwa muuzaji.

Muuzaji makini atakujibu kwa sharti lake: ataendelea kuitangaza nyumba, na akipata ofa nyingine utapewa muda mfupi, mara nyingi saa 72, uondoe sharti lako au ujitoe. Hilo si baya. Hatari ni zile saa 72 zenyewe, kwa kuwa hofu ya kupokonywa nyumba huwafanya watu wasaini wasichokimudu. Amua jibu lako kabla simu haijalia, na uliandike.

Ukisaini bila sharti na fedha zisipatikane, usidhani utapoteza amana tu. Katika mikataba mingi amana ni asilimia 10 ya bei, na muuzaji akiiuza nyumba baadaye kwa bei ya chini anaweza pia kukudai pengo lililobaki pamoja na gharama zake. Mwombe wakili akusomee kifungu cha kuvunja mkataba, neno kwa neno.

Mkopo wa muda mfupi wa kuziba pengo upo, na una mahali pake: pale ambapo nyumba ya zamani tayari ina mkataba uliosainiwa na tarehe ya kukamilisha. Ukiuchukua kabla ya hapo, unalipa riba ya juu kwa kusubiri usichojua mwisho wake. Uliza mambo manne: ada ya kufungua mkopo, kama riba inalipwa kila mwezi au inarundikwa hadi mwisho, muda ukiisha nyumba haijauzwa itakuwaje, na dhamana ni nyumba ipi. Zikiwa zote mbili, mkwamo mmoja unaweza kukugharimu zote.

Wakati unasubiri, safisha hati za nyumba ya zamani. Mauzo mengi huchelewa kwa jina lisilolingana na kitambulisho, chumba kilichoongezwa bila kibali, mpaka wenye utata, kodi isiyolipwa, au ridhaa ya mwenzi wa ndoa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiomba. Kama kuna mpangaji, notisi yake nayo ina siku zake.

Na kama mnunuzi wako hana haraka, mwombe ukae ndani kama mpangaji kwa muda baada ya kumuuzia, kwa kodi na tarehe ya kuondoka iliyoandikwa. Unakuwa na fedha mkononi, unajadili bei ya nyumba mpya bila sharti lolote, na gharama yake ni kodi ya miezi michache. Ikishindikana, hakikisha angalau kuna siku tano za kazi kati ya kupokea fedha na kulipa. Uhamisho wa benki uliokwama Ijumaa alasiri hautafunguka hadi Jumatatu.