Uliza Mama: Mbunge anakuja na nusu milioni, kwaya imbe jina lake?

SWALI: Bwana asifiwe mama. Mimi ni mwanakwaya hapa Nakuru na pia niko kwa kamati ya ujenzi, kanisa letu upande mmoja halina mabati tangu mwaka jana na mvua ikinyesha tunajibana wote upande wa akina baba. Sasa mbunge amesema anakuja Jumapili ya harambee na nusu milioni, na kwaya tumeambiwa tutunge wimbo wa kumkaribisha wenye jina lake. Vijana wamekataa, ati huyu ndiye alipiga kura ya ndio kwa ule mswada wa fedha wa 2024, na mmoja wao alirudi kutoka maandamano ya Juni 25 na risasi ya mguu, mpaka leo anachechemea. Mchungaji anasema Warumi 13, tutii mamlaka, siasa tuiache nje ya mlango. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, siasa ibaki nje ya mlango na jina la mbunge liko kwa wimbo? Hapo nimecheka. Siasa ishaingia zamani, imepewa kiti cha mbele na soda baridi, aliyebaki nje ni huyo kijana wa mguu.

Sasa Warumi 13. Nakubaliana na mchungaji imeandikwa, lakini asome mpaka mstari wa nne, pale Paulo anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, yaani ana kazi aliyopewa na anaweza kuulizwa ameifanya vipi. Na Paulo huyo huyo kule Filipi, Matendo 16, alipigwa viboko hadharani bila kesi pamoja na mwenzake Sila, kesho yake wakubwa wakatuma mtu awafungulie kimyakimya waende zao, Paulo akakataa kata kata, akasema sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Wakaja, wakawabembeleza. Huyo ndiye mwandishi wa Warumi 13, na sijawahi kusikia hiyo ikihubiriwa Jumapili ya harambee.

Nyinyi vijana mnadhani haya mambo yalianza na TikTok. Enzi za Moi, ile kura ya mlolongo ya 1988 watu walipanga foleni nyuma ya wagombea na kwingine mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi, waliosema wazi kwamba huo ni wizi ni maaskofu wa Anglikana kina Gitari na Okullu, na mchungaji Njoya wa Presbyterian naye alikuwa hanyamazi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa na waziri hadharani akikanyaga Busia hatatoka hai. Akaenda, akahubiri, akafa kwa ajali ya barabara akirudi, Agosti 14, 1990. 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofurushwa kwa virungu pale Uhuru Park, walihamia All Saints Cathedral, kanisa kuu la Anglikana Nairobi, wakakaa pale chini karibu mwaka mzima mpaka wengi wa watoto wao wakaachiliwa. Hakuna aliyewaambia mama siasa iko nje. Na 1997, siku ya maandamano ya Saba Saba ya kudai mageuzi, polisi waliingia hadi ndani ya hiyo hiyo cathedral wakapiga watu, Njoya akiwa kati yao.

Halafu miaka ikapita, tukazoea bahasha. Si kanisa lako peke yake, wangu pia, tulijenga choo na hela za mtu ambaye sitamtaja, na kwa miaka mitano hatukuweza kumuuliza barabara iko wapi.

Lakini mambo yanabadilika pole pole. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson ole Sapit aliwanyima wanasiasa maiki kule Butere, wakubwa wenyewe wakiwa wameketi hapo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais Ruto kwa parokia ya Soweto na kusema urudishwe, milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 za kwaya na watoto. Umeona, hata pesa za kwaya zilikataliwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwa kamati, pendekeza mbunge akitaka kutoa atoe kama mama wa mboga anavyotoa, kwa akaunti ya kanisa, apewe risiti, asikabidhiwe maiki wala kusimama madhabahuni. Akikataa kutoa bila maiki basi ujue alikuwa ananunua maiki, na mabati mtatafuta polepole, shilingi mia mia. Kwa kwaya, someni Amosi 5 mkiwa mazoezini, kuanzia mstari wa 21, pale Mungu anasema hataki kelele za nyimbo anataka haki itiririke, halafu muulizane kama huo wimbo bado mnautaka. Na mchungaji usimkabili mbele za watu, nenda kwake jioni na huyo kijana anayechechemea, mkunywe chai, kijana aeleze mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa Bungoma, nataka kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi, 2027. Ni dhambi?

JIBU: Si dhambi mzee wangu, hata Danieli alifanya kazi ikulu ya Babeli. Ila acha kuhesabu sadaka kuanzia leo, na kadi ya chama usiitoe mfukoni siku ya meza ya Bwana.