Je, Bei Nafuu Huathiri Usalama wa Chakula?

Swali: Familia yetu hula nje mara moja kwa wiki, na kwa kuwa kipato chetu ni cha wastani, tunategemea migahawa midogo ya mtaani. Je, bei nafuu ina maana kwamba chakula si salama?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Usalama wa chakula hutegemea joto na usafi kuliko bei, na mgahawa mdogo wenye wateja wengi mara nyingi huwa na faida moja kubwa, kwani sufuria huisha mapema na chakula hakilali. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa muda unaozidi saa 2, na kile kinachosubiri kuliwa kidumishwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, tazameni sahani inayopelekwa meza ya jirani: je, inafuka mvuke? Mtazameni pia anayepokea fedha. Akishika noti kisha akashika chakula bila kunawa, ondokeni. Kuhusu gharama, ulizeni bei mapema, hasa ya vinywaji, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoongeza bili. Mimi hutangulia peke yangu, na nikiridhika ndipo huwapeleka watoto.