Fundi wa Majalada Anajibu: Kisanduku Cheusi, Maua na Picha ya Utotoni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa marapa, au kwa watu wanaoishi na marapa nyumba moja. Nimezipunguza urefu na majina nimeyaacha nje. Wanaotaka bei ya dizaini wasiniandikie hapa, ukurasa huu si duka.

SWALI: Niaje Fundi. Mimi ni rapa kutoka Umoja na natoa albamu yangu ya kwanza. Rafiki yangu amenitengenezea kava: nimesimama mbele ya gari kubwa (si langu, hata kuendesha sijui), shingoni nina minyororo, nyuma yangu mji unaungua, na jina langu limeandikwa kwa dhahabu yenye almasi. Kwenye kona ameweka kile kisanduku cheusi cha kuonya wazazi. Lakini ngoma zote 11 sijatukana hata mara moja. Produsa anasema bila kisanduku watu watadhani ni injili. Nikitoe au nikiache?

JIBU: Kitoe, na ukitoe kabla faili halijafika kwa mpiga chapa. Kisanduku hicho ni alama ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, na hakikuzaliwa kuwa urembo. Mwaka 1985 kina mama kadhaa wa Washington, Tipper Gore akiwa mmoja wao, waliunda kikundi kilichoitwa PMRC ili kampuni zilazimike kuwaonya wazazi kuhusu nyimbo za matusi na ngono. Malumbano yakafika hadi Seneti. Mwaka 1990 alama ikapewa sura moja tunayoijua leo, nyeusi na nyeupe, herufi nene. Kuna maduka makubwa, kama Walmart, yaliyokataa kuweka albamu zenye alama hiyo, kwa hiyo msanii aliyeibeba alikuwa akilipia ukali wake kwa mauzo. Ndiyo maana vijana wakaanza kuiona kama cheti. Wewe hujalipa chochote. Mzazi akiiona atakunyima msikilizaji bure, na kijana atakayeivamia kwa sababu yake atasubiri tusi ngoma ya kwanza hadi ya mwisho, alale njaa.

Hata hivyo produsa wako hajakosea kwa jambo moja. Mtu huamua kwamba hii ni rap, hii ni taarabu, hii ni injili, kabla hajabonyeza popote. Swali ni jalada lako litumie nini kumwambia hivyo. Tazama jalada la kundi la rap la N.W.A la 1988, Straight Outta Compton. Kamera imelazwa chini, wanaume sita wanaiinamia, na Eazy-E ameshika bunduki inayokuelekea. Hakuna gari wala moto. Wewe mtazamaji ndiye umelala chini, na umeshajua uko kwenye albamu ya aina gani. Kazi yote imefanywa na mahali pa kuweka kamera, kitu ambacho hata simu yako inaweza.

Sasa tuje kwenye hizo almasi, maana hapa ndipo rafiki yako alipochota. Mtindo huo ulipata umaarufu kupitia Pen & Pixel, ofisi ya ndugu wawili, Aaron na Shawn Brauch, iliyofunguliwa Houston mwaka 1992. Walichora majalada ya lebo za rap, No Limit ya Master P na Cash Money, likiwemo 400 Degreez la Juvenile la 1998. Watu wa New York waliyacheka sana. Mimi siyacheki. Marapa wa kusini mwa Marekani walikuwa hawajulikani, albamu zao zilipangwa dukani bega kwa bega na mamia ya nyingine, na jalada lilikuwa ndilo tangazo lao la pekee. Lilipaswa kung'aa hadi mteja ageuze shingo. Na halikuwa likidai kwamba hayo magari yote yapo nyumbani. Lilikuwa ndoto iliyochorwa wazi kama ndoto, kila mtu akijua, na mnunuzi akishiriki. Ofisi ikafungwa mwaka 2003, mtindo ukabaki ukiigwa na watu wasiojua ulikuwa ukijibu shida gani.

Lako lina shida mbili. Ya kwanza ni ya macho: kivuli cha gari kinaangukia kushoto na chako kinaangukia kulia, na huo mji unaoungua una minara ambayo ukitafuta kutoka Umoja hadi Mlolongo huipati. Ya pili itakuumiza mfukoni. Dhahabu unayoiona kwenye skrini ni mwanga. Printa ya kawaida ina wino wa aina nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi, na hakuna hesabu ya hao wanne itakayotoa mng'ao. Ikifika kwenye karatasi, dhahabu yako itakuwa rangi ya haradali, na almasi zitakuwa vumbi jeupe juu yake. Nimeona vijana wakigombana kaunta River Road wakidhani wameibiwa wino. Ukitaka dhahabu ya kweli kwenye karatasi omba foili, ile karatasi nyembamba ya kung'aa inayogandishwa kwa moto na kibao cha chuma, na ujue kibao hicho kinalipiwa peke yake.

Na kama kung'aa ndiko unakotaka, mbona uvuke bahari? Simama stendi jioni uangalie nganya, zile matatu zilizopambwa, zikiingia. Herufi zenye kivuli ndani ya kivuli, kromu, taa za zambarau, uso wa rapa uliopulizwa rangi ubavuni hadi unaona vinyweleo. Hiyo ndiyo Pen & Pixel yetu, na inasomwa na kila mtoto wa Eastlands. Mtafute mchoraji wa matatu, mlipe akuandikie jina lako kwa mkono kwenye bati, kisha lipige picha mchana kweupe. Eric B. na Rakim walifanya jambo kama hilo mwaka 1987. Yale makoti ya Gucci kwenye jalada la Paid in Full hayakutoka Gucci, yalishonwa na Dapper Dan, fundi wa Harlem, kwa wateja wa mtaani kwake. Walivaa jua kali yao, kazi ya fundi wa mtaani, kwa fahari. Hapa kwetu kuna rapa, Jua Cali, aliyeliweka jua kali hadi kwenye jina, na mtaa wake wa California wa hapa Nairobi akauunganisha humo humo, na hakuna aliyewahi kumdhania mwimba injili.

Gari lirudishe kwa mwenyewe.

SWALI: Mama Fundi, salamu kutoka South B. Mimi ni rapa wa kike. Mama yangu anauza maua City Market na mimi ndiko nilikokulia, kwa hiyo nataka maua kwenye jalada. Meneja wangu anasema maua ni ya mapenzi na harusi, nivae hudi, ninune, nisimame mbele ya ukuta. Nani yuko sawa?

JIBU: Wewe, binti yangu, ila ujue unachokiingia. Mwaka 1989 De La Soul walitoa 3 Feet High and Rising, jalada la njano kali lenye maua ya deizi na herufi za kuchorwa kwa mkono, kazi ya kikundi cha wasanii wa Uingereza kilichoitwa Grey Organisation. Wakati huo rap ilikuwa imeshakunja uso, na jalada hilo lilionekana kutoka mwisho wa duka. Lilifaulu kupita kiasi. Watu wakawaita mahipi, wakawauliza habari za maua kila walipokaa kwenye mahojiano, mpaka wenyewe wakachoka. Albamu yao iliyofuata, ya 1991, ilikuja na chungu cha maua kilichoanguka na kuvunjika, na jina linalosema De La Soul wamekufa.

Kilichowapata ni kwamba maua yao yalikuwa pambo, na pambo kila mtu hulipa maana anayoitaka. Yako yana kazi. Unajua mwenyewe: ndoo za plastiki, majani yaliyopukutishwa sakafuni, miiba inayokwanguliwa kwa kisu, gazeti la jana linalofungia waridi, raba iliyozungushwa mara mbili. Vidole vya mama yako navijua bila kuviona, vina mistari ya kijani kwenye kucha. Piga picha hapo, kabla wateja hawajafika, wewe ukiwa unafanya kazi, si ukiwa umesimama. Ukishika kile kisu hutahitaji kununa. Mtu akiliona jalada hilo hatasema harusi. Atauliza huyu ni nani, na hilo ndilo swali unalotaka aingie nalo kwenye ngoma ya kwanza.

Kama meneja atang'ang'ana, mwonyeshe albamu ya Lauryn Hill ya 1998. Sura yake imechongwa kwenye mbao ya dawati la shule. Hakuna Mkenya aliyepita shule ya msingi asiyeijua mbao ile, sote tulichokora majina kwa bikari tukachapwa. Hakuna ukuta wala hudi pale, na hakuna aliyetilia shaka kama mama yule anajua kurap.

Hudi ivae siku ya baridi.

SWALI: Hujambo Fundi. Kijana wangu anarap na ameniomba picha yake ya nasari aiweke mbele ya albamu. Kwenye picha yuko na binamu yake. Ngoma zenyewe ni za mtaa, polisi na marafiki waliozikwa. Naogopa watoto hao wawili wataonekana kama wahalifu. Nimpe?

JIBU: Mama, kijana wako ameomba kitu chenye ukoo mrefu. Nas, kwenye Illmatic ya 1994, aliweka uso wake wa umri wa miaka 7 juu ya majengo ya Queensbridge alikokulia, vikaonekana vimeingiana, usijue mtoto anaishia wapi na ghorofa linaanzia wapi. Mwaka huo huo The Notorious B.I.G. akatoa Ready to Die, mtoto mchanga ameketi kwenye weupe mtupu. Wenzao wengine walimnung'unikia waziwazi kwamba ameiga. Lil Wayne naye mwaka 2008 akaweka picha yake ya utotoni, akaichora chale usoni. Majalada haya hayamwiti mtoto mhalifu. Yanamwambia mtazamaji: huyu alikuwa hivi, sikiliza uone alipitia nini. Kwa ngoma za marafiki waliozikwa, sijui picha nyingine ingefaa zaidi.

Kwa hiyo mpe, lakini si kabla binamu hajasema ndiyo kwa kinywa chake, na aandike kwenye karatasi. Huyo hakuomba kuwa kwenye albamu. Akikataa msimfiche uso kwa kiraka cheusi, kwa sababu kiraka hicho ndicho kitakachomfanya aonekane mshukiwa. Tafuteni picha nyingine. Kama bado ni mtoto, wa kuulizwa ni wazazi wake.

Picha isipigwe kwa simu juu ya kitanda. Ipelekeni kwenye skana, dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na mkimwona kijana wa saiba anataka kufuta tarehe ya machungwa kwenye kona na ule mkunjo wa katikati, mzuieni mkono. Ile pazia ya studio yenye maporomoko ya maji nayo ibaki. Anayetoka mtaani kwenu ataitambua upesi kuliko jina la kijana.

SWALI: Fundi, nakusanya kaseti na CD za rap tangu enzi za kundi la Kalamashaka. Vijana wanatoa kila kitu kwenye simu. Kuna haja gani tena ya kuhangaika na kasha?

JIBU: Simu nayo ni kasha, ila ni dogo. Kasha la santuri lilikuwa na upana wa sentimita 31 hivi, la CD likashuka hadi 12, kaseti ikabaki na kijikaratasi cha kukunja. Sasa jalada hupelekwa likiwa la pikseli 3000 kwa 3000 na huonekana likiwa sawa na ukucha wa kidole gumba. Ninachowaambia wateja wangu ni kulipunguza hadi ukubwa huo, kuiweka simu mezani na kurudi nyuma hatua moja. Kama kinachoonekana ni ukungu, nusu ya vitu vitoke. Aliyelielewa hili mapema ni Kanye West, ambaye mwaka 2013 aliiuza Yeezus kwenye kasha tupu angavu, CD inaonekana ndani, kipande chekundu kikifunga ubavu. Si lazima umpende mtu kuona kwamba alikuwa na akili ya kupunguza.

Lakini kitu cha kushika kina nguvu yake. Kaseti ya rapa Raekwon ya 1995 ilitolewa kwa plastiki ya zambarau, na hadi leo mashabiki huiita kwa rangi, jina la albamu wanalitaja baadaye. Kwa hiyo ninapoulizwa na vijana wanaofanya onyesho, huwaambia wachapishe nakala chache za kuuza mlangoni, karatasi iwe nzito isiyong'aa, na pale inapokunjwa pasipite rangi nyeusi, kwani wino hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Milimita 3 za ziada kila upande, mashine ya kukatia isije ikala herufi. Na wakumbuke kuacha nafasi ya stika ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, tangu mwanzo wa dizaini. Nimeona rapa mmoja mkali sana ambaye stika yake ilibandikwa kwenye jicho.