Mtoto anayesogelea TV: kabla ya karoti, mzibe jicho moja moja

Mama, umesema kijana wako wa miaka 7 anatazama katuni pua karibu iguse TV, nyanya yake anataka aongezewe karoti, na jirani amekutisha kwamba miwani itamharibu macho. Mimi si daktari, nina mtoto wa miwani tu.

Kukaa karibu na TV hakuharibu macho. Watoto wengi wanapenda tu. Lakini mwingine anasogea kwa sababu haoni, na hatakuambia, maana anadhani sisi sote tunaona hivyo hivyo. Kwa hivyo mpime, jicho moja moja. Binti yangu ungeapa anaona sawasawa, mpaka tulipokuwa kwenye balkoni hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, tukishindana kusoma maandishi ya matatu za ruti ya 35/60. Nilimziba jicho la kushoto, akasoma mbio mbio. Nilipoziba la kulia akaanza kunisukuma mkono, akapinda shingo achungulie katikati ya vidole vyangu. Kesho yake, yale yale. Hospitalini wakasema jicho la kushoto linaona ukungu na ubongo umeshazoea kulipuuza. Akapewa miwani, pamoja na kiraka cha kuziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile zembe lilazimike kufanya kazi. Vita vya kiraka vilikuwa vikali, nisikudanganye. Tulipatana: hakuna kiraka, hakuna katuni.

Tatizo hili hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, na wako ameshafika miaka 7. Usingoje shule zifungwe.

Jirani yako mwambie miwani aliyopimiwa mtoto haimharibu. Kinachodhuru ni kumnyima anapoihitaji. Zile za kuning'inizwa kando ya barabara mjini usimnunulie, hakuna aliyempima.

Karoti ni nzuri, sukuma wiki, papai, mayai na maini pia, kwa sababu ya vitamini A. Mtoto akiikosa sana huanza kwa kutoona gizani. Mboga zikaange kwa mafuta kidogo ndiyo mwili uinyonye. Kama una mwingine wa kati ya miezi 6 na miaka 5, asikose matone ya vitamini A kila miezi 6 kliniki. Ila mtoto asiyeona ubaoni hata ale gunia zima la karoti bado atahitaji miwani.

Kitu ninachokazania kuliko hata kumpunguzia simu ni mwanga wa nje. Asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kiasi, na watoto wanaokaa nje mchana, kama saa 2 kwa siku, hawapati shida hiyo kwa urahisi. Najua ploti zetu, taa inawashwa saa sita mchana. Wapeleke uwanjani, au juu ya gorofa kwenye kamba za nguo, mradi mtu mzima awepo.

Akiwa ni wa kufikicha macho kila vumbi likitimka, hiyo huenda ni aleji. Usimnunulie matone dukani bila kuandikiwa na daktari. Mengine yana steroidi: macho yanatulia haraka, kumbe ukiyaendeleza yanaweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Na kumtia machoni maziwa ya mama au chai ya rangi, tafadhali, hapana.

La haraka kuliko yote: ukimpiga picha kwa flashi na mboni moja itoke nyeupe, au jicho lianze kwenda upande, mpeleke wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho.

Sisi tulienda hospitali ya macho ya Kikuyu, kuna pia ile ya Lions kule Loresho, na Hospitali ya Kenyatta. Huenda wakamtia matone ya kupanua mboni, kwa hivyo beba kofia, na mwambie mwalimu mapema kwamba homuwaki ya jioni hiyo haitafanyika, hataona vizuri vya karibu.